Sindano ya Pili ya Mzee Emlyn

Mzee Emlyn Prosser aliogopa sindano kuliko alivyoogopa kufa, na kwa miaka mitatu alinisumbua roho. Kila vuli nikianza kuchanja watu dhidi ya mafua hapa famasini kwangu, alikuwa anakuja kuchukua dawa za mkewe, Nesta, anakitupia jicho chumba changu kidogo cha sindano, halafu anatoka mbio.

Nesta hakuwa na mapafu ya kuitwa mapafu. Alishinda kwenye kiti na mpira wa oksijeni puani. Muuguzi alimchanja nyumbani kila mwaka, lakini mwili uliochoka vile haushiki chanjo vizuri, na aliyekuwa akitoka na kuingia mle ndani ni Emlyn: kwaya Jumanne, raga Jumamosi, kanisani Jumapili. Nilimwambia kwamba mafua yakimfikia mkewe huenda yeye ndiye atakuwa ameyabeba. Nilimwambia mpaka nikachoka.

Mwaka jana alikubali. Alikuja Jumatatu, siku ya kwanza ya chanjo, jasho linamtoka.

"Mara moja, Delyth. Mara moja tu. Ukinigusa tena nahamia famasi ya kule chini."

"Mara moja tu, Mzee Emlyn. Naapa."

"Unaapa kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako naye alikuwa muongo," alisema, akafumba macho na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa besi yake nzito. Waliokuwa kwenye foleni wakampokea kwenye kiitikio. Watu wa bonde letu hawawezi kumwacha mtu amalize wimbo peke yake. Nilipobandika plasta alikuwa bado anaimba, hajui kama nimemaliza. Mair, msaidizi wangu, alimpa kipande cha keki ya zabibu, naye akaondoka kifua mbele.

Nilifurahi mno. Furaha yenyewe ilidumu mpaka saa sita mchana.

Friji ya chanjo ina kioo kidogo cha namba, kinachotumia betri yake. Kila asubuhi unasoma joto la wakati huo, kisha unabonyeza kitufe uone lilipanda mpaka wapi tangu ulipoangalia mara ya mwisho. Asubuhi ile foleni ya dawa ilikuwa imefika mpaka kwa kinyozi jirani. Nikasoma nyuzi tano, nikaandika tano, kitufe sikukigusa. Mchana ndipo nikakibonyeza. Kumi na tisa. Haitakiwi kuzidi nane.

"Mair! Nani kagusa friji?"

"Mimi, bosi. Nimefika alfajiri nikaikuta imezimwa, nikaiwasha. Nilidhani umeiosha."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Hata salamu yangu hukuitikia."

Nilifungua mdomo nimpashe, kisha nikakumbuka. Jumamosi jioni nilipitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia la chumba cha sindano, ili wazee wakute pasafi. Soketi ya pale ni moja. Plagi ya friji niliichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliwapigia simu watengenezaji wa chanjo. Mtu mmoja mpole akaniambia dozi zote zitupwe, na waliochanjwa warudie, maana hakuna anayeweza kusema kama ile itawafaa. Walikuwa watu saba. Mzigo mpya ulipofika, sita walirudi, wakanitania, yakaisha. Wa saba nilimfuata nyumbani na kisanduku changu cha baridi.

"Hapana," Emlyn alisema kabla sijakaa.

"Kosa ni langu, Mzee Emlyn. Mimi ndiye niliyechomoa plagi."

"Najua. Mji mzima unajua. Lakini uliniapia."

"Ni sekunde mbili tu."

"Kwa hiyo siku ile niliimba bure?"

"Labda imeshika. Labda haikushika. Sijui."

"Basi kama hujui, mimi nasema imeshika."

Nilimgeukia Nesta anisaidie. Alivuta pumzi mara tatu ndipo akapata maneno. "Mwache, mwanangu. Usiku wa kuamkia sindano hakulala. Alishajitahidi kwa ajili yangu."

Nilirudi mara mbili Novemba, na mara zote mbili niliondoka na sindano yangu haijatumika. Huwezi kumchoma mtu mkono asioutoa. Nilikaa kwenye gari mbele ya nyumba yao nikalia kwa hasira. Nilijikasirikia mimi, nikalikasirikia zulia, nikamkasirikia na yule mzee mbishi.

Wiki moja kabla ya Krismasi aliingia famasini akikohoa ndani ya skafu.

"Kikohozi cha kwaya tu hiki," alisema. "Wote tunacho."

"Lala chumba kingine basi, Mzee Emlyn. Nakuomba."

"Na Nesta nani atamgeuza usiku?"



Nesta tulimzika Januari. Kama ni Emlyn aliyeleta mafua mle ndani, au muuguzi, au mgeni wa Krismasi, hakuna atakayejua. Kama sindano nzima ingeyazuia, hilo pia hakuna atakayejua, ingawa mimi najiuliza kila ninapobonyeza kile kitufe.

Baada ya mazishi Emlyn alileta mfuko wa dawa zilizobaki, kama wafiwa wote wanavyofanya hapa. Alizipanga kwenye kaunta moja moja. Pampu mbili za kuvutia dawa ya mapafu zilikuwa bado kwenye karatasi zake.

"Hizi hazijafunguliwa hata. Si zitamfaa mtu mwingine?"

"Hapana, Mzee Emlyn. Zikishatoka hapa, zinateketezwa."

"Hata kama ni nzima?"

"Hata kama ni nzima. Siwezi kujua zilikaa kwenye joto gani."

Nilijisikia nikiyasema, na nikatamani ardhi ipasuke. Emlyn aliziacha dawa pale kaunta. Kisha akaingia chumba cha sindano, akavua koti, akakaa, akakunja mkono wa shati.

"Ile uliyokuwa ukinifuatia nayo. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Haya, nichome."

Nilibonyeza kitufe kwanza. Sita. Kule nje foleni ilinyamaza, kila mtu akingoja aanzishe wimbo. Mzee Emlyn aliikodolea macho sindano mpaka ikaingia, na hakuimba.