Mkono wa Wavu

Kila kitu kiliharibika Jumatano, tarehe nne mwezi wa tatu, zamu ya asubuhi, pale mashine ya kusokota kamba ilipomnasa mke wa fundi wa kuchomelea vyuma kwa mkono wa blauzi. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wameamuru kinga ya wavu ya mashine ing'olewe ili kazi iende chapuchapu. Mashine ikamsokota mpaka begani, kisha shingo. Ripoti ilisema marehemu alivaa vibaya. Kiwanda kilitoa kamba mpya ya kushushia jeneza, bure kabisa, na meneja alisimama kaburini akingoja kushukuriwa.

Kabla udongo haujakauka, binti yao wa miaka kumi na tano, mpenda marinda na utepe, akageukwa na mavazi yake. King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, mkono wa kulia wa nguo yoyote aliyoivaa ulijisokota, ukikaza. Siku ya kwanza sweta lilimvunja kidole. Baba yake alilichana kwa mkasi wa kukatia bati. Binti akafunga kidole kitambaa, akaenda shule, maana kulikuwa na mtihani.

"Nguo za siku hizi zinabana sana," alisema jirani, akiendelea kuanika zake.

Basi binti akakata mikono yote ya kulia ya nguo zake, akawa anatembea bega wazi. Baba mtu hakupendezwa.

"Mwanangu, unaonekana kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja."

"Afadhali kunyonyolewa kuliko kuchinjwa, baba."

Baba akaokota vipande vya mikono iliyokatwa. Ulimi ule ulikuwa wa mama yake mtupu.

Mwalimu wa nidhamu hakuvumilia. "Hapa si disko, bibie," alisema mbele ya shule nzima. "Sare ni sare." Akaagiza ashikwe, akamshonea mkono wa shati hapohapo mwilini, kwa sindano na uzi. King'ora kikalia. Mfupa wa mkono ulivunjika kwa mlio uliofika mstari wa nyuma, na damu ikaruka mpaka kwenye viatu vya mwalimu. Akavifuta, akatangaza kwamba shati lilikuwa dogo.

Plasta ya mfupa aliyofungwa hospitalini ilipotolewa, fundi alikunja wavu wa chuma, akauchomelea bawaba, akatengeneza mkono kuanzia kiganja hadi bega, ndani akatandika mpira wa tairi. Umbo hilo alilijua vizuri. Ile kinga ya kiwandani ilipowahi kupasuka, yeye ndiye aliyeitwa kuiziba.

Asubuhi king'ora kililia. Shati likasokota chuma, chuma kikagoma, shati likachanika lenyewe.

"Unabana?"

"Kidogo hapa kwapani."

"Nitapalegeza."

"Na baba, usiupake kijivu, tafadhali. Nataka nyekundu."

Kwa wavu uliobaki fundi akatengeneza kinga ya mashine, akaibeba begani mpaka langoni mwa kiwanda.

"Rudi nayo, mzee," alisema askari wa lango. "Wakubwa hawapokei vitu vya nje."

"Natoa bure."

"Ndiyo kabisa hawataki. Wakiipokea watakuwa wamekubali kwamba ilikuwa inahitajika."

Wiki hiyohiyo mashine ilimchukua mwanamke mwingine. Alizikwa bila mkono, kwa sababu mkono ulikuwa umeshasokotwa ndani ya kamba, na kamba ilikuwa imeshauzwa. Kesho yake binti zake wawili walisimama mlangoni mwa karakana, mabega wazi, mdogo akiwa na kiwiko kilichovimba.

"Tunataka mkono kama wa dada," alisema mdogo. "Wangu wa bluu."

Fundi akawapima. Baada yao wakaja wengine, hata wasiofiwa. Mwalimu wa nidhamu akaruhusu mikono ya chuma shuleni, mradi ipakwe rangi ya sare, na binti wa fundi akanuna siku nzima kwa ajili ya nyekundu yake.

Mwishowe likaja gari la meneja. Kioo kikashushwa.

"Fundi, nina binti. Jana koti limemtegua bega. Nitengenezee mmoja, mzuri."

Fundi aliitazama tai ya meneja. Alitamani kumng'oa humo ndani kwa tai. Lakini mtoto ni mtoto.

"Mlete nimpime."

Ile kinga iliyokataliwa bado ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana, ikiota kutu. Binti wa fundi akaigonga kwa mkono wake wa chuma, ikalia kama kengele.

"Shikamoo, bwana meneja," alisema, na kioo kilikuwa kimeshaanza kupanda. "Kama wavu unamfaa mwanao, mashine unainyima kwa nini?"