Panya wa Foronya

Katika chumba cha ushonaji, siku huanza kwa ndoto kabla ya uzi. Mafundi watatu, wote wanawake, husimuliana walichoota huku wakizitia cherehani mafuta. Mtia vifungo huota mama mkwe anamkimbiza na mwiko. Wenzake humcheka mpaka naye acheke. Ikifika zamu ya mwenzao aliyefiwa, vicheko hukoma. Binti yake wa miaka sita aliangukiwa na ukuta wa jirani wakati wa mvua, na tangu hapo humjia usingizini amempa mgongo, anaitwa haitiki. Wenzake humlilia, naye hupumua kidogo. Kusimuliana si dawa, lakini ni nafuu.

Mumewe, mwashi, hakuwa na nafuu hiyo wala hakuonekana kuihitaji. Miezi saba, jicho kavu. Akiulizwa ameota nini, hujibu, "Mwanamume haoti, analala." Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nani hukumbuka methali akiwa na hasira? Mkewe akakata shauri: Jumamosi angekwenda kwa dada yake, asirudi tena. Angeishije na mtu aliyemzika mtoto kama anayefukia msingi?

Jumamosi ikafika, begi likawa mlangoni. Lakini fundi ni fundi, hakuweza kuacha nyuma kitu kilichochanika. Akaichukua foronya ya mumewe aitie kiraka, ya nne tangu msiba. Akidhani ni panya wanaozitafuna, alikuwa amewalaani na kuwatega, asinase hata mkia. Na foronya yake mwenyewe, iliyolala ubavuni mwa ile, haikuguswa hata mara moja. Panya gani huyo mwenye upendeleo?

Akaisogeza dirishani. Matundu yalijipanga nusu duara, na katikati palikuwa na pengo dogo. Mumewe aling'oka jino la mbele ujanani, kazini.

Alikaa kitandani, foronya mapajani, mpaka mwashi aliporudi mchana na saruji kwenye nyusi. Akaliona begi, kisha akaiona foronya.

"Kumbe panya ni wewe, mume wangu."

Mwashi akainamisha kichwa. "Ukuta unaanguka. Kila nikilala unaanguka. Niliuona ule ufa, mke wangu. Nikasema nitamwambia jirani kesho."

"Ungeniamsha basi."

"Nikuamshe nikutoe kwake? Wewe unamwona. Mimi naona matofali tu."

Miezi yote hiyo mkewe aliiita ndoto yake laana. Sasa akajisogeza kumpa nafasi. Mwashi hakupanda kitandani. Alikaa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Jana alivaa nini?" akauliza.

"Gauni la njano. Lile nililomshonea mifuko miwili."

Mwashi akajifunika uso kwa ile foronya, na safari hii hakuing'ata. Alilia mpaka majirani wakasikia.