Kiti Kilichomsubiri Mwingine

Kiwandani tulikuwa tunatengeneza vitanda vya hospitali, na vyote vilikuwa na urefu mmoja. Mgonjwa mrefu miguu ilining'inia nje, mtoto alipotelea katikati kama punje kwenye sinia. Siku moja nikamwuliza msimamizi, mbele ya zamu nzima, kama siku hizi wagonjwa nao wanatoka kwenye kalibu.

Kwa asiyejua, kalibu ni ile fremu ya chuma unayokunjia bomba ili kila kipande kitoke sawa na mwenzake. Kiwanda chetu kiliiabudu.

"Kazi yako kuchomelea," akanijibu. "Si kuuliza."

Ilikuwa Jumanne, saa ya chai. Alivaa shati la buluu, kifungo cha tatu si ndugu wa vifungo vingine. Miaka kumi na tisa imepita. Wengine husahau ili walale vizuri. Mimi nalala vibaya.

Wakati huo mama yangu alikuwa ana miaka mitano hajasimama. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, mkono na mguu, na ukimkalisha alikuwa anainama upande huo polepole mpaka umzuie kwa mto. Kila asubuhi kabla ya kazi nilimnyanyua, nikamkalisha kwenye kigoda chenye mgongo, nikampangia mito. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jirani na kipande cha mlango. Basi. Dunia yake yote.

Alitaka kitu kimoja tu. Zamani aliuza nyanya kwenye kona ya bombani, pale watu wanapojipanga na ndoo. "Nipeleke siku moja," alikuwa ananiambia, "nikaone nani amekaa pale pangu."

Mimi, fundi wa kuchomelea, niliyetoa vitanda arobaini kwa wiki, sikuwa na bomba la kumtengenezea kiti kimoja cha magurudumu. Vipande vilivyobaki kiwandani vilitupwa shimoni, na shimo lilikuwa na mlinzi. Niliomba kwa barua. Nikajibiwa kwa barua: takataka za kiwanda ni mali ya kiwanda. Ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne.

Basi nikaitisha mkutano. Kisha mwingine. Watu wakaniita Spika, kwa sababu ya sauti, na jina likanikaa.

"Vumilia, mama. Tukishinda hili, kiti chako cha kwanza."

"Mkishinda mniambie," alisema, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu. "Mimi niko hapahapa. Sina safari."

Alifariki wiki ya mgomo. Nilikuwa getini na kipaza sauti. Nina orodha ndefu ya waliokosea katika nchi hii, na naijua kwa moyo. Jina langu limo, karibu kabisa na juu.

Tulifukuzwa watu ishirini na wawili. Baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa, mashine zikapakiwa usiku usiku kama mali ya wizi. Mimi nikaendelea kupiga kelele kwenye vibaraza, mpaka mtoto wa mama mdogo, fundi cherehani tunayemwita Sindano, akanikata katikati ya hotuba.

"Kaka, umesema miaka yote hii. Koo halikuumi?"

"Ukweli hauumi koo."

"Sawa. Lakini mtaa huu una watu kumi na mmoja wasioweza kutembea, hawajatoka nje ya vyumba vyao. Nimepita mlango kwa mlango. Wewe unajua chuma, mimi najua kushona viti. Sasa unataka tuwatolee hotuba dirishani?"

Ndivyo karakana ilivyoanza. Nguzo nne na mabati, nyuma ya mashine ya kusaga. Baiskeli zilizokufa zilitupatia magurudumu, wauza vyuma chakavu wakatupatia mabomba. Wa tatu wetu alikuwa Futikamba, mtunza stoo wa zamani wa kiwanda, mtu anayepima hata mkate kabla ya kuukata. Sindano alisema akifa tutamkuta kashajipimia.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujapata hata mteja, nilifanya nini? Nilitengeneza kalibu. Hakuna aliyeniambia. Fundi wa kiwandani ukimpa uwanja mtupu, ataanza na kalibu. Nilikunja chuma siku mbili bila kupima popote, mikono ikajiendea yenyewe, na ilipokamilika nilijisikia mwepesi ajabu. Nikadhani ni furaha ya kuanza kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mchora vibao. Miaka minne nyuma alianguka kutoka kwenye ngazi akiandika jina la duka la sabuni, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo alikaa chumba cha ndani kwa dada yake. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa amekubali ampe ukuta wa mbele: herufi zote, namba, na picha chini yake. Aanze Jumatatu, kabla watoto hawajarudi kutoka likizo. Asipofika Jumatatu, ukuta anapewa mwingine.

"Nikiukosa huo," alituambia, "nitakuwa mgonjwa kweli. Mpaka sasa mimi ni fundi aliyekaa chini tu."

Futikamba alimpima nyonga, mapaja, goti mpaka kisigino, akaandika yote kwa chaki kwenye bati. Mimi nikakunja kwenye kalibu yangu, nikachomelea. Sindano akashona kikalio cha turubai mara mbili. Jumamosi asubuhi shemeji yake alimleta mgongoni, akamshusha kwenye kiti, sote tukapiga makofi kama watoto.

Yeye hakupiga. Alitoa brashi mfukoni, akasogea mpaka kwenye bati, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono haukwenda. Upande wa kushoto wa kiti ulikuwa na bawa la bomba lililopanda mpaka kwapani, na chini yake kikalio kimeinuliwa vidole vinne. Alijaribu tena, kiti kikamsukuma kulia mpaka akashika gurudumu asianguke.

"Fundi," akasema taratibu. "Mimi naandika kwa kushoto."

"Vipimo viko sawa," Futikamba akaruka. "Nyonga sawa, goti sawa, njoo uone kwenye bati!"

"Vipimo vyako sina ugomvi navyo. Nauliza, hiki kiti kinamsubiri nani?"

Sindano alikuwa amekwenda kusimama mbele ya ile kalibu. Alipitisha kiganja juu ya bawa, akashuka nacho mpaka pale penye mwinuko, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Kaka. Huyu ni Mama Mkubwa."

Nikaangalia, nikamwona. Pale penye bawa palikuwa mto wa kwanza, pale penye mwinuko palikuwa mto wa pili. Hata kina cha mgongo kilikuwa chake, na upana wa mabega yake baada ya kukonda. Mikono yangu ilikuwa imemnyanyua kila asubuhi kwa miaka, ikamhifadhi bila kuniomba ruhusa. Hatukuwahi kumpiga picha. Chuma kile ndicho kilichobaki duniani chenye umbo lake.

Na kwenye chuma hicho nilitaka kuwakunja watu kumi na mmoja.

Nikafanya ninachokijua. Nikapandisha sauti. Nikaanza na shimo la vyuma na mlinzi wake, nikaja kwenye ile barua na kiti ambacho mama yangu hakukipata, nikafika kwenye shati la buluu na kifungo chake, nikasema wao ndio waliotufundisha kwamba binadamu wote ni bomba moja. Futikamba akaitikia, "Kweli kabisa!" Watu wa mashine ya kusaga wakachungulia.

"Kaka Spika," mchora vibao akasema. Nikaendelea. "Kaka Spika! Huyo msimamizi hayupo hapa. Nipo mimi. Na Jumatatu haijali shati la mtu."

Nikashusha mkono niliokuwa nimeunyoosha hewani.

"Mama yako alitaka kwenda wapi?" akaniuliza, sauti imeshuka.

"Bombani tu. Kwenye kona. Aone nani amekaa pale pake."

Akatikisa kichwa. Hakusema pole. Namshukuru kwa hilo hadi leo, maana pole nilizopewa zingejaza stoo ya Futikamba.

"Basi kata," akasema.

Sindano alijitolea kunishikia. Nikamkatalia. Nilivaa miwani, nikawasha grainda ya kukatia chuma, nikaanza na bawa la kiti. Lilikatika upesi. Kisha nikaigeukia kalibu yenyewe, na hapo mikono ikagoma kama ilivyopaswa kugoma siku ya ile barua. Nilisimama na mashine inanguruma hewani. Nilitamani, kwa ujinga mtupu, aingie mtu pale mlangoni aseme simama, mama yako anakuja, mwache akae kidogo.

Hakuingia mtu. Nikakata. Cheche zilikuwa nyingi kuliko kawaida, au miwani ilikuwa na unyevu.

Jumapili kutwa nilikunja bomba gotini, bila kalibu, mchora vibao akikaa, akinyoosha mkono, akisema "bado", mpaka jua linainama akasema "hapo".

Jumatatu tulimfuata kwa dada yake, mimi na Sindano. Kiti kilipita mlangoni kimebakiza nafasi ya kidole kila upande. Kwenye uchochoro nikashika vishikio vya nyuma. Nilikuwa nimesubiri kuvishika miaka ishirini na nne.

"Toa mikono," akasema.

"Pana kokoto, dada, nikusukume kidogo tu, mpaka barabarani."

"Toa mikono, kaka. Nitapiga kelele kukushinda wewe."

Sindano akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikaachia. Akaenda, makopo ya rangi yakigongana mapajani, akikwama, akitukana kokoto moja moja, akijinasua.

Bombani akasimamisha kiti mwenyewe. Foleni ya ndoo ikamtazama, naye akaitazama. Kisha akageukia kona, akaikagua kama mtu aliyetumwa.

"Ni hapa?"

"Hapo."

"Amekaa muuza ndala," akasema. "Na amesinzia. Mwambie mama."

Akageuza kiti kuelekea shule. Nikamfuata hatua tatu nyuma. Sindano ndiye aliyeniambia baadaye kwamba njia nzima nilitembea mikono ikiwa mbele, vidole vimefumbata, kama mtu anayesukuma.