Santuri ya Kipyego

Kabla wageni hawajavua hata kofia, Jepkosgei alikuwa ameshawachoka. Mumewe, Mzee Kiptoo, aliwaalika baada ya kanisa, na wala si kwa sababu anawapenda. Aliwaalika waje wamwone akiwa mtu mwenye kompyuta.

Mtaa mzima wa Kapsoya, hapo Eldoret, miaka hiyo ya themanini ungetafuta nyumba yenye kompyuta hadi viatu viishe soli, na kompyuta hii ya Kiptoo haikuwa hata mpya. Mzungu mmoja aliyefundisha chuoni, ambaye Kiptoo alikuwa akimpelekea maziwa kutoka shamba lao la Moiben, alipofunga virago kurudi kwao alimwachia vyombo vyake: kompyuta iliyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, televisheni, na mashine ya santuri za video, pana kama sanduku la nguo. Tangu siku hiyo vilikaa sebuleni chini ya vitambaa vya kufuma, na kazi pekee vilivyofanya ilikuwa kupanguswa vumbi. Kiptoo hakujua kuviwasha. Alijua kuvitaja, popote palipokuwa na masikio.

Sasa santuri ya kuchezwa humo ilikuwa imefika. Kipyego, kifungua mimba wao, alikwenda Amerika kwa ajili ya mbio, chuo cha huko kikamlipia masomo, na tangu aende hajarudi. Barua zilikuja, zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Halafu kijana mmoja wa Moiben anayekimbia huko huko akaja likizo na santuri aliyoiomba ofisini kwao. Ni filamu ambayo chuo kilitengeneza kuhusu wanariadha wake, alisema, na Kipyego yumo, anaongea. Neno hilo la mwisho lilimkaa Jepkosgei masikioni wiki nzima. Hakutaka kompyuta wala sifa za kompyuta. Alitaka kusikia sauti ya mwanawe, ajue kama bado ni ile.

Kwa kazi hiyo Kiptoo alikusanya wataalamu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Gerishon, hedimasta wa shule ya msingi, mtu wa suti ya vipande vitatu, anayeongea Kizungu hata na ng'ombe. Wa pili alikuwa Kabiru, fundi wa redio mwenye kibanda mjini, aliyekuja na bisibisi mfukoni ili asije akasahaulika kuwa ni fundi. Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa chama tawala kwenye lokesheni, kata yao. Huyo hakujua chochote kuhusu mashine, wala kuhusu jambo lingine lolote, lakini siku hizo hata choo kipya hakikufunguliwa bila yeye kuketi mbele.

Santuri ilikuwa na upande mmoja wa kung'aa na mwingine butu uliochapwa nembo ya chuo. Gerishon alifunua kifuniko cha mashine akailaza upande wa kung'aa ukitazama dari, jinsi ambavyo mtu yeyote aliyewahi kumiliki gramafoni angefanya. Akaketi mbele ya kompyuta, akavuta mikono ya koti, akaandika neno moja na kubonyeza. Mashine ikanguruma, ikazungusha, ikanyamaza. Mstari ukatokea kwenye skrini.

"Inasema nini, Mwalimu?" aliuliza Kiptoo.

"Inasema hakuna santuri."

"Na si iko hapo ndani?"

"Iko. Hii tunaita era," alisema Gerishon, na kulipatia kosa jina kulimtosha kana kwamba amelitengeneza.

Akachukua kitabu cha maelezo, akakisoma kwa sauti ya kuhubiri, kisha akawatafsiria. Jepkosgei, aliyesimama mlangoni na trei ya vikombe, aliuma mdomo. Alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa setla mmoja wa Kizungu huko Moiben, akisikia Kizungu kutwa kucha, na tangu aondoke pale hakuona mtu wa maana wa kuongea naye lugha hiyo. Kitabu kilisema mashine isiwekwe karibu na moto. Gerishon alitafsiri kwamba mashine inataka kupashwa moto kwanza. Basi wote wakakaa, wakiisubiri ipate joto kama wanaosubiri kuku aangue.

Ilipokataa tena, Kabiru akasogea. "Hiyo ni mambo ya pawa, Mzee. Hii stima yetu ya Eldoret si kama ile ya kwa Wazungu." Akaligonga boksi la kupunguza umeme, lililokuja pamoja na vyombo vya Mzungu, kwa mpini wa bisibisi, akalitegea sikio, akaligonga tena. Akachomoa waya huu akauchomeka kule, akaurudisha ulikotoka. Kisha akatangaza kwamba santuri ni chafu, akaipangusa kwa spiriti, akamalizia na kitambaa cha meza cha Jepkosgei bila hata kuomba, akairudisha vile vile. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Gerishon akaandika neno lile lile akiongeza "tafadhali" ya Kizungu mbele yake, eti vitu vya Wazungu vinapenda heshima.

Mwenyekiti wa chama akaielekezea mashine kidole. "Hii kitu iko na laiseni?" aliuliza. "Isije ikawa ni ya hawa watu wanataka kupinga serikali. Mimi siko hapo."

Kiptoo akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa shati, akamwonyesha picha ya Rais ukutani, iliyokuwa imepanguswa vizuri kuliko kitu chochote humo ndani. Mwenyekiti akaitazama, akaridhika, na kwa kuwa ameridhika akaona atoe amri. "Basi angalieni antena."

Hakuna aliyeuliza antena inahusika vipi. Kiptoo alipanda juu ya mabati na suti yake ya kanisani, Kabiru akasimama dirishani kupokezana maneno. Geuza upande wa mtaa wa Langas. Rudisha. Kidogo tena. Jepkosgei alitua trei mezani. Santuri ilikuwa ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kwa watu wazima wenye akili zao, na mume wake alikuwa paani akiitafuta hewani. Alimwonea aibu, na aibu hiyo ilimkasirisha zaidi.

Ghafla chenga kwenye televisheni zikatulia. Kwaya ya wanawake waliovaa sare ikatokea, ikiimba kuisifu serikali. Mwenyekiti akasimama wima. Gerishon akasimama kwa sababu mwenyekiti amesimama.

"Imekubali, Mzee. Usiguse tena," Kabiru alimwambia aliye juu.

"Huyo anayepiga kayamba ndiye Kipyego?" aliuliza Jepkosgei.

Kiptoo aliposhuka akihema, alikuta wote wameketi, wanaangalia kwaya kwa adabu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwamba hiyo ni stesheni ya televisheni ya Nairobi, wala si santuri.

"Mwalimu," alisema Jepkosgei, "sindano ya hii mashine iko wapi?"

"Mama Kipyego, hii ni teknolojia ya kisasa. Haina sindano. Inasoma kwa mwanga."

"Na mwanga unatoka upande gani?"

Gerishon akafungua kitabu. Jepkosgei hakumngoja. Alifunua kifuniko, akatoa santuri, akainama. Kwenye kifuniko hapakuwa na kitu. Chini kabisa palikuwa na jicho dogo la kioo, limetazama juu.

"Jicho liko chini," alisema. "Mchana kutwa mnalionyesha mgongo."

Akaigeuza santuri, akafunika. "Andika hilo neno lako."

Kwaya ikatoweka. Ukaja uwanja wa nyasi kijani, muziki wa tarumbeta, na vijana wakikimbia. Kabiru akasema ndivyo alivyokuwa karibu kusema. Kisha Kipyego akatokea, ndani ya koti jekundu la chuo, mashavu yamejaa, masikio yale yale ya kusimama. Jepkosgei alishika mgongo wa kiti. Kiptoo, suruali yake imejaa kutu ya mabati, alilia waziwazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mkewe hakumdharau.

Mtangazaji alieleza habari za kijana aliyekuwa akikimbizwa na simba kila asubuhi akienda shule. Gerishon alitafsiri kwa raha, akaongeza na chui. Simba gani Moiben, Jepkosgei alijiuliza, katikati ya mahindi na ng'ombe wa gredi wa maziwa. Halafu mwanamke mwenye kipaza sauti akamuuliza Kipyego kuhusu watu wa kwao.

Kipyego akainamisha macho. Kwa Kizungu cha puani alisema kwamba hakuwahi kumjua baba yake, na mama yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, na kwamba kocha pamoja na mkewe ndio wazazi pekee alio nao duniani. Alisema polepole, vizuri, hata akapangusa jicho.

Gerishon alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Akakohoa. "Anasema... anawasalimia nyote hapo nyumbani. Anasema mama yake ndiye alimfundisha bidii."

Mwenyekiti akapiga makofi. "Huyo ni kijana ya Nyayo kabisa, anafuata nyayo za Rais."

"Si niliwaambia?" alisema Kiptoo. "Mwalimu, rudisha hapo. Hapo pa mama yake."

"Imetosha, Mzee. Mashine itashika moto."

"Rudisha," alisema Jepkosgei.

Mara ya kwanza alikuwa amesikia maneno. Mara ya pili alisikiliza sauti, maana hiyo ndiyo aliyoingoja wiki nzima. Haikutetemeka popote. Ilikuwa bado ni ile, ile ile aliyotumia akiwa mtoto kuapa kwamba ndama ameshanyweshwa maji, huku ndama analia zizini. Uchungu ulimpanda kifuani, akatafuta mtu wa kumdharau ili umpungue, asimpate. Gerishon alirudia uwongo wake neno kwa neno, akimtazama Kiptoo peke yake.

Jepkosgei alichukua birika. Alimfikia Mwalimu kwanza, akainama kwenye kikombe chake, na kwa Kizungu kilichonyooka, ambacho hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kukisikia kinywani mwake, akamuuliza:

"Hakusema nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Gerishon alimkodolea macho. Kiptoo, machozi hayajamkauka, akaangua kicheko cha fahari.

"Kumbe mama anaongea Kizungu hivi? Umemuuliza nini Mwalimu?"

"Nimemuuliza kama anakunywa na sukari," alisema Jepkosgei, akaanza kumimina.