Amne Achagua Umbali

Siku sita za wiki Amne alimjua binti yake akiwa usingizini. Basi la kampuni lilimchukua gizani kumpeleka hoteli moja ya Al Garhoud, kwenye chumba cha kufulia, na kila liliporudi Alya alikuwa keshalala tena, ngumi ndogo chini ya shavu. Mtoto wa miaka miwili na nusu. Bibi yake, Bi Masuda, ambaye ndiye aliyeshinda naye, Alya alimwita mama. Mama yake mzazi alimwita Amne, kama alivyowasikia wakubwa wakimwita.

"Usijali, mwanangu," Bi Masuda alisema. "Ulimi wa mtoto huo, utakaa sawa."

Ijumaa tu ndiyo ilikuwa yake. Baada ya Asri yeye na mumewe Nassir walimchukua mtoto hadi kwenye bustani ya Jumeirah Lake Towers, kando ya ziwa la kuchimbwa, ambamo minara ilisimama kichwa chini ikitikisika kidogo kila upepo ulipopita. Hapo ndipo Rodel, Mfilipino fundi wa viyoyozi, alipofundisha mchezo wa fimbo wa kwao. Wanafunzi walimwita Guro, yaani mwalimu. Fimbo zilikuwa za henzirani, nyepesi, na zilipogongana zilitoa mlio mkavu uliokwenda juu ya maji ukarudi umelainika, kama mtu anayebisha hodi mbali sana.

Februari ile ya 2014 Amne alikuwa na sababu ya kuusikiliza mlio ule kuliko kawaida. Hoteli ilitaka mwanamke wa kuwafundisha wageni wanawake mchezo huo asubuhi, kisha akae ukumbi wa mazoezi mpaka saa tisa. Saa kumi mtu yuko nyumbani, mtoto bado anakimbia na kiatu kimoja. Madam msimamizi wa ukumbi huo alikuwa amesema atamchukua yeyote Guro atakayempitisha, na Guro alikuwa ameweka sharti moja.

"Kuna umbali wa namna tatu," alisema, akichora duara tatu kwa chaki kwenye mawe. "Largo, mbali. Fimbo yako inafika mkono wa mwenzako, basi. Medio, kati. Inafika kichwani, na yake pia inafika kwako. Korto, pua kwa pua, unapiga kwa kitako cha fimbo. Wiki ijayo utachagua mmoja, umzuie Virginia kwa dakika tatu asikutoe humo. Akigusa mkanda wako mara tatu, khalas, umeshindwa. Mwalimu asiyejua mahali pake pa kusimama atawaumiza watu."

Virginia, Mkenya, mlinzi wa mnara mmoja kule Marina, alikunja mikono ya shati. "Mama Alya, mimi nitakuja kama basi halina breki. Nimekuambia mapema."

Amne alikuwa amezijaribu zote. Karibu, alisikia harufu ya mafuta ya nywele za Virginia, na mikono yake mwenyewe mirefu ilijikunja kama shuka ndani ya mashine. Kati, fimbo mbili zilifika pamoja, naye akafumba macho. Mbali ndiko alikopumua. Miguu yake ilikuwa myepesi, mkono ukanyooka, akahisi kama mtu anayetembea ndani ya maji bila kuloana. Tatizo lilikuwa moja: mbali unapiga mkono wa mwenzako, hakuna kingine. Amne alipiga fimbo. Kila mara fimbo, ta, ta, ta, vizuri kabisa, wala hakuna aliyeumia.

"Kwa nini unapiga mti?" Guro aliuliza. "Mti hauna maumivu."

Ndipo Amne akamweleza habari za kirumbizi, mchezo wa bakora wa kwao Unguja, ngoma na zumari zikilia, watu wawili wakiingia uwanjani. Wanawake hawachezi, lakini baba yake alimfundisha uani, mlango ukiwa umefungwa. Na alimpa sharti: bakora ikutane na bakora. Ukimgusa mwenzako umejiaibisha, umefungua mkono ambao hukuweza kuutawala.

Guro aliomba aonyeshwe. Amne alizunguka polepole, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, fimbo ikipanda na kushuka kama inaandika hewani. Nassir alipiga makofi kufuatisha.

"Ni mzuri sana," Guro alisema. "Sasa nini kinamzuia Virginia asiingie?"

Amne aliishusha fimbo.

Ijumaa iliyofuata aliingia kwenye duara la nje. "Largo," akasema.

Walivaa kofia za wavu na glavu nene. Guro alibonyeza saa. Virginia alikuja kama alivyoahidi. Ta, ta, Amne akaipokea fimbo yake, na fimbo iliyopokewa ikateleza pembeni, na Virginia huyo, ndani, kiganja kwenye mkanda.

"Moja!"

Walirudi. Jua lilikuwa limeshuka kwenye vioo vya minara, na bustani nzima ikawa rangi ya chai ya maziwa. Amne aliona kila kitu kikienda taratibu: vidole vya Virginia vikikaza, bega likitangulia, kifundo cha mkono kikija mbele wazi kabisa, kama tunda lililojileta. Alikiona. Akapiga fimbo.

"Mbili!"

Virginia hakurudi mahali pake. Aliinua kofia, jasho likimtiririka.

"Wewe, mbona unanibeba hivi?"

"Nani kakubeba, shoga?"

"Mkono nimekupa mara kumi. Kumi! Nimeamka saa kumi asubuhi, nimesimama getini masaa kumi, nikapanda metro nikuje hapa, halafu unanichezea kama mtoto wa nasari. Kwani mimi si mtu?"

"Sitaki kukuumiza."

"Sasa nikifika kwako na hii fimbo nikupige ya kichwa, ndiyo hutakuwa umeniumiza? Nitalala vipi mimi? Nipige mkono, tumalize. Yalla!"

Guro alitazama saa. Ilikuwa imebakiza dakika moja na sekunde chache.

Amne alimtazama Virginia. Hakuwahi kulifikiria hivyo, kwamba mkono aliousamehe ndio uliokuja kumpiga, na kwamba Virginia angelibeba pigo la mwisho moyoni mwake. Aliteremsha bega. Virginia alikuja. Kifundo kilijitokeza tena, na safari hii fimbo ya Amne ilikwenda pale pale, fupi, bila hasira, ikatua juu ya glavu. Pa! Virginia alisimama kama aliyefikiwa na ukuta. Akajaribu kushoto. Pa! Akajaribu kwa chini. Amne alirudi nyuma hatua moja, mkono ukanyooka. Pa! Hakuna aliyeingia, wala hakuna aliyeanguka. Kati yao palikuwa na nafasi ya fimbo moja, safi, na ndani ya nafasi ile wote wawili walikuwa salama.

"Saa!" Guro akapaza sauti.

Virginia alivua glavu akiutikisa mkono. "Uuwi! Ndiyo hiyo! Mjinga wewe, si ungeanza nayo?"

Guro alikuwa akifuta chaki kwa soli ya kiatu. "Jumapili nitamwambia madam. Jina lako ni la herufi nne, sivyo? Nisije nikakosea."

"Nne," Amne alisema.

Alikaa kwenye majani. Nassir alimletea maji, lakini hakuyanywa. Alikuwa akihesabu saa: saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili, hizo zote, kila siku, mtoto akiwa macho. Alya alikuwa ameiokota fimbo na kuiburuta kwenye mawe. Amne alimfuata, akamwekea vidole vyake vidogo sawasawa juu ya henzirani, akarudi nyuma urefu wa fimbo ile, akanyoosha mkono wake mtupu.

"Haya," alimwambia. "Nipige hapa."