Fimbo ya Kocha Tsuma

Niliisimamisha fimbo kando ya nguzo, kama nilivyofanya siku zote, na wavu ukaipita kwa vidole vinne.

Nilijipa moyo kwamba nimesimama penye shimo. Nikasogea hatua mbili, nikaisimamisha tena. Vidole vinne. Refa kutoka Kampala alikuwa ametoka kuupima wavu huo kwa kipimo chake cha chuma na ameridhika. Wavu haukuwa na kosa.

Kocha Tsuma aliikata fimbo ile mwenyewe kwenye mti wa mvinje, urefu sawasawa na wavu wa voliboli ya wanawake, maana kiwanjani kwetu Mtongwe hatukuwa na kipimo kingine. Mimi sichezi, naogopa macho ya watu. Kazi yangu ni kufunga wavu, kuchora mistari na kuchota maji. Alipokaribia kufa aliniita kitandani kwake akasema, "Fimbo nakuachia wewe, Kache. Wengine wataichezea."

Baada ya mazishi mvua zilinyesha sana, nami nilikuwa nimeisahau fimbo chini nyuma ya nyumba. Nilipoiinua, mchwa walikuwa wameila mwisho wake. Niliona haya kusema. Nikakata palipoliwa, nikapasugua kwa msasa, nikapaka mafuta machafu ya gari ili pasionekane papya. Vidole vinne si kitu, nilijiambia. Miezi mitatu nikawa naufunga wavu kwa fimbo hiyo.

Sasa timu za Rwanda, Uganda, Burundi na Tanzania zilikuwa zimefika Likoni kwa mashindano ya kumuenzi Kocha. Kesho asubuhi mjane wake, Mama Milcah, angeibeba fimbo mbele ya timu zote.

"Nyevu, tena," alisema Bi Rahima, aliyeshika timu tangu Kocha afariki.

Nyevu aliruka. Mpira ukagonga ukanda wa juu wa wavu ukamrudia kifuani. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Wenzake nao walikuwa wakigonga, lakini Nyevu ndiye mfupi kuliko wote, na ndiye tuliyemtegemea kwa mapigo. Wasichana wa Kigali waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka kidogo.

"Dada, mchana umekula mawe?" nahodha wetu Emmaculate alimuuliza.

"Nimekula ulichopika wewe. Ni mamoja."

Watu walicheka.

Bi Rahima alifungua karatasi ya majina. Ilitakiwa mikononi mwa refa kabla ya magharibi.

"Nyevu, mwanangu, kesho utakaa nje. Atacheza Caroline."

Nyevu hakubisha. Sote tulijua kuna mtu ametumwa na klabu moja ya Nairobi kuja kumtazama, na akimpenda klabu itamwajiri. Alikaa chini akaanza kufungua kamba za viatu.

"Kama ni Kocha amenikasirikia huko aliko," alisema, "sijui nimemkosea nini."

Nilitaka kukimbia. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa wazi nyuma yangu, na hakuna ambaye angeuliza Kache yuko wapi. Bi Rahima alikuwa amekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina la Caroline.

"Bi Rahima."

Sauti haikufika. Nikaita tena.

"Wataka nini, Kache?"

"Fimbo ni fupi. Niliikata."

Mama Milcah aliinuka kwenye kiti cha wageni. Alinipokonya fimbo, akaisimamisha kando ya wavu, akaweka vidole vyake palipopungua. Vilitosha vinne.

"Uliikata lini?"

"Baada ya mvua. Mchwa waliila."

"Ukaipaka mafuta."

"Niliipaka, mama."

"Ili nisione."

Bi Rahima alisema polepole, "Wallahi, miezi mitatu nimewafundisha kwenye wavu wa uongo." Kisha akaikunja karatasi. "Nyevu, funga viatu. Muda upo kidogo. Rudi nyuma hatua moja, kisha uruke kwa nguvu zako zote."

Mpira wa kwanza uligonga ukanda. Wa pili pia. Nilifumba macho. Wa tatu niliusikia ukitua ng'ambo. Bi Rahima akafuta ile herufi na kuandika Nyevu.

Nyevu alipita karibu yangu akivuja jasho.

"Miezi mitatu, Kache. Kila siku nakuomba maji, nawe wanipa, umenyamaza."

Akaenda zake. Mama Milcah akanirudishia fimbo.

"Kesho sitaibeba mimi. Utaibeba wewe, mbele ya watu wote. Atakayeuliza mbona fupi, utamjibu."

"Mama, mimi siwezi kusimama mbele ya watu."

"Najua," alisema.

Niliipokea. Harufu ya mafuta yale ikapanda kutoka pale nilipokata.