Kitanda cha Mghoi Kwenye Ghala la Mashine za Kura

Usingizi wa jana ulinipeleka kwenye ghala la serikali, na mpaka sasa sielewi nani aliniruhusu kuingia.

Nilikuwa nyumbani kwangu. Nafungua mlango wa nyuma nimwage maji ya vyombo, na badala ya kukanyaga uwanja nakanyaga sakafu nyeupe, baridi kama tumbo la chura. Nikabaki nimeshika beseni.

Mbele yangu kuna vitanda. Vitanda vya chuma, vyenye magodoro na vyandarua, safu baada ya safu mpaka macho yanachoka. Juu ya kila kitanda imelala mashine ya kupigia kura, imefunikwa shuka. Ni zile tulizosikia redioni: zilinunuliwa, zikaletwa, zikagombaniwa mahakamani, na hazijatumika kupiga kura hata ya mwenyekiti wa kamati ya maji.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kitanda nakijua. Mke wangu Mghoi alipolazwa, walimpa kitanda kimoja na wanawake wengine wawili. Siku ya tatu wakamwambia arudi nyumbani, vitanda havitoshi. Nyumbani alifika. Jumapili hakuifikia.

"Shikamoo mzee," ikasema mashine iliyokuwa karibu nami.

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Tisa. Ongea polepole, wenzangu wamelala."

"Wamechoshwa na nini?"

Ikafikiria. "Hilo hatujawahi kuulizwa."

Msimamizi akaja. Alikuwa kufuli, ukubwa wa mbuzi, amevaa tai. Alisemea kwenye tundu la ufunguo.

"Mzee, umekuja kuangalia nani?"

"Hizi zinaumwa?"

"Haziumwi. Ndiyo maana tunazitunza."

Sikuelewa, naye hakungoja nielewe. Akanionyesha mitambo ya ubaridi. Akanionyesha walinzi wa mlango, na walinzi wanaowalinda hao walinzi, na daktari wa betri anayekuja kila mwezi kupima betri ambazo hazijawashwa tangu zizaliwe.

"Haya yote analipa nani?"

"Wewe. Hata kiberiti ulichonunua asubuhi, njiti tatu ni zetu."

Nikakitoa mfukoni, nikakifungua. Njiti tatu zilikuwa zimevaa sare za ulinzi. Moja ikanipigia saluti.

"Basi kama nalipa mimi, nina kitanda hapa," nikasema. "Nataka mke wangu alale."

"Yuko wapi?"

Nageuka nimwonyeshe, na ghala limekuwa shamba langu la nyuma ya jiko, vitanda vimesimama katikati ya mihogo. Kaburi la Mghoi liko palepale, ila limewekwa mpini kama droo. Kufuli akalivuta. Mghoi akaketi, akakung'uta mchanga kwenye nywele, akaniangalia.

"Mwadime, umekonda."

"Najipikia."

"Naona."

Kufuli akatoa fomu. "Kitanda kipo, tena cha dirishani. Akilala hapa haharibiki. Atakaa miaka tisa, miaka ishirini, na wewe utakuja kumwona siku za kazi. Sharti ni moja. Ghala hili hutunza kile ambacho hakijawahi kufanya kazi. Kilichofanya kazi hutupwa. Thibitisha kwamba mama huyu hajafanya kazi hata siku moja."

Nikatafuta pa kuanzia. Mghoi alikata mkonge miaka kumi na saba, mikono ikawa na makovu kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Asubuhi aliuza kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, mbele ya shule, jioni alisuka vikapu. Siku niliyovunjika mguu alinibeba mgongoni mpaka barabarani, na njiani akaokota kuni.

"Bonyeza hapa kwangu," ikasema ile mashine ya miaka tisa. "Kijani, hajafanya. Nyekundu, amefanya. Lakini taratibu, mzee. Sijawahi kuguswa, naona aibu."

Namtazama Mghoi. Anapumua. Kifua kinapanda, kinashuka, hakuna anayemwambia asogee.

Nikabonyeza kijani.

Mashine ikacheka kama mtu aliyetekenywa, kisha ikalia kidogo. Kufuli akagonga muhuri kwa kichwa chake. "Imekubaliwa. Mama hajafanya kazi." Mashine zote zikapiga makofi kwa nyaya zao.

Mghoi hakupiga.

"Mwadime. Nani hajafanya kazi?"

"Ni mambo ya fomu tu, Mghoi. Ndivyo wakubwa wanavyotaka. Wao ndio waliokutoa kitandani, na leo kitanda tunakichukua kwao."

"Hao wakubwa ndio waliobonyeza?"

"Hapana."

"Kidole ni cha nani?"

Nikakiangalia. Kilikuwa kimefungwa mkononi mwangu, lakini sikuweza kuapa kwamba ni changu.

"Panda ulale, mama," akasema Kufuli. "Mikono juu ya shuka. Usiguse chochote."

Akapanda. Akajinyoosha. Nikaanza kumshukuru Mungu, kisha nikamwona ananikazia macho kifuani.

"Shati lako halina kifungo."

"Kiliruka."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na umepita hivyo mbele ya watu, mwezi wa tano, wa sita."

Akachomoa sindano kwenye pindo la leso, uzi mweupe ukiwa tayari ndani yake.

"Mama, weka sindano chini," akasema Kufuli. "Ukishona tu, kitanda hakipo."

"Mghoi, acha. Nitavaa sweta."

"Sweta juu ya shati bovu."

Akainama upande wa ile mashine, akaking'oa kile kiduara chake cha kijani. "Samahani mwanangu."

"Chukua, mama," ikasema. "Hapa kilikuwa kinangoja tu."

Akakitoboa matundu mawili. Akanivuta kwa shati mpaka pumzi yake ikanigusa. Nyuma yake Kufuli anasoma kwa sauti ya redio, amefanya kazi, amefanya kazi, na vitanda vinazama kimoja kimoja kwenye mihogo. Kile cha dirishani kimeanza kuzama miguuni.

"Shona polepole," nikamwomba.

"Ni kifungo, Mwadime. Si blanketi."

Akainamisha kichwa akate uzi kwa meno, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kama nilivyoufunga. Shati lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, na kifuani, pale pa wazi, pameshonwa kitu cha kijani cha mviringo, matundu yake mawili hayakulingana.

Nikaigusa ncha ya uzi. Ilikuwa bado imelowa mate.